Ernest Everett Just: Bingwa wa seli aliyekosa pa kukaa

Ndugu msomaji, sisi tuliozoea kuvuka mpaka tunajua jambo ambalo waliokaa mahali pamoja maisha yao yote hawalijui vizuri. Mpaka una watu wake, saa zake na sheria zake. Mzigo wa mchele ukicheleweshwa pale nusu siku, bei ya sokoni imekwisha badilika. Mtu akirudishwa pale kwa kukosa karatasi moja, watoto wake wanalala njaa mjini. Wakubwa wanakaa katikati ya nchi, lakini mambo mengi yanaamuliwa pembeni.

Leo nataka niwasimulie habari za mtu aliyeligundua jambo kama hilo katika kitu kidogo sana, yaani yai la mnyama wa baharini. Jina lake ni Ernest Everett Just, Mmarekani mweusi, bingwa wa elimu ya seli. Alizaliwa mwaka 1883 na kufariki mwaka 1941. Wakati wataalamu wengi walikuwa wanatazama kiini kilicho katikati ya seli, yeye alishikilia kwamba tuangalie ngozi yake ya nje, kwa sababu pale ndipo uhai unapokutana na dunia.

Mimi nilikutana na jina lake nikiwa mwalimu wa baiolojia wa sekondari, nikitafuta namna ya kuwaeleza wanafunzi jinsi mimba inavyotungwa. Nilizaliwa katika makazi ya wakimbizi nchini Tanzania, kwa wazazi waliovuka mwaka 1972, nikarudi Burundi mwaka 2008. Niliposoma maisha ya mtu huyu nilisahau somo la kesho yake. Niliona safari ya mtu aliyetoka kwao akitafuta nafasi, akaipata ugenini, akaipoteza, kisha akarudi nyumbani akiwa mgonjwa. Wengi wetu tunaifahamu njia hiyo.

Mama aliyejenga mji

Just alizaliwa tarehe 14 Agosti 1883 katika mji wa bandari wa Charleston, jimbo la South Carolina, kusini mwa Marekani. Utumwa ulikuwa umefutwa miaka 18 tu kabla yake. Baba yake na babu yake walikuwa mafundi wa kujenga magati. Baba alifariki mtoto akiwa na umri wa miaka minne, na mzigo wote ukamwangukia mama, Mary.

Mama huyu hakuwa mtu wa kukaa akilia. Alihamia na watoto kisiwa cha James Island, karibu na Charleston, akafundisha shule, na wakati wa kiangazi akafanya kazi kwenye machimbo ya fosfeti, yale mawe yanayotengenezewa mbolea. Aliwashawishi majirani zake weusi wanunue ardhi na kuanzisha mji wao wenyewe. Wakafanya hivyo, na mji ule ukaitwa Maryville kwa heshima yake. Ulikuwa miongoni mwa miji ya kwanza ya jimbo hilo kuendeshwa na watu weusi wenyewe.

Katika utoto wake Ernest aliugua homa ya matumbo, akanusurika kufa. Alipopona, kumbukumbu yake ilikuwa imeharibika. Alikuwa ameshajua kusoma na kuandika, lakini ikambidi aanze upya. Mama alimsomesha tena kwa subira, herufi moja baada ya nyingine. Kila ninapokutana na mwanafunzi aliyetoka Tanzania akijua Kiswahili na Kiingereza, halafu anafika hapa na kuambiwa aanze upya kwa Kirundi na Kifaransa, namkumbuka mtoto huyu wa Charleston.

Mwaka 1896 mahakama kuu ya Marekani ilihalalisha kuwatenga weusi na weupe. Mwaka huo huo mama alimpeleka kijana wake, akiwa na miaka 13, kwenye chuo cha watu weusi kilichokuwa Orangeburg katika jimbo hilo hilo. Alitaka awe mwalimu. Alimaliza mwaka 1899 akiwa na miaka 15, tayari ana ruhusa ya kufundisha shule za weusi za jimbo zima. Angeweza kuishia hapo, na wala hakuna ambaye angemlaumu.

Safari ya kaskazini

Mama na mtoto waliona kwamba elimu ya kusini ilikuwa imemfikisha mwisho wa njia. Mwaka 1900 Ernest aliondoka kwenda kaskazini, akaingia shule ya Kimball Union Academy katika jimbo la New Hampshire, mahali pa baridi kali na weupe watupu. Katika mwaka wake wa pili alirudi nyumbani kuwaona jamaa. Alipofika, aliambiwa kwamba mama yake alikuwa amezikwa saa moja kabla.

Ndugu msomaji, naomba tusimame kidogo hapo. Aliyeishi mbali na kwao anajua hofu hiyo. Unafunga safari, unafika ukiwa na mzigo mkononi, na watu wanakutazama kwa namna ambayo inakueleza kila kitu kabla hawajafungua midomo.

Alirudi shuleni. Masomo ya miaka minne aliyamaliza kwa mitatu, akahitimu mwaka 1903 akiongoza darasa. Alikuwa mwenyekiti wa chama cha midahalo na mhariri wa gazeti la shule. Kutoka hapo alikwenda chuo cha Dartmouth, jimbo hilo hilo. Ndiko alikosoma habari za jinsi yai linavyokuwa kiumbe kamili, na moyo wake ukanasa. Mwaka 1907 alihitimu kwa daraja la juu ambalo hakuna mwingine katika darasa lake aliyelipata mwaka ule, na tuzo za pekee katika elimu ya wanyama.

Kijana mwenye matokeo kama yale, kama angekuwa mweupe, angechagua chuo cha kwenda kufundisha. Kwa mweusi milango ilikuwa michache mno: vyuo vya weusi, basi. Just alikwenda Chuo Kikuu cha Howard, Washington, kilichoanzishwa mwaka 1867. Alianza kwa kufundisha Kiingereza na ufasaha wa kusema. Miaka miwili baadaye akapewa na masomo ya baiolojia, na mwaka 1912 akawa mkuu wa idara ya elimu ya wanyama, kazi aliyokaa nayo mpaka kufa kwake. Alikuwa pia mlezi wa wanafunzi watatu walioanzisha udugu wa wanachuo wa Omega Psi Phi mwezi Novemba 1911, ambao upo hadi leo.

Tarehe 12 Juni 1912 alimwoa Ethel Highwarden, mwalimu wa Kijerumani pale Howard. Walipata watoto watatu.

Taa juu ya maji

Sasa tufike kwenye kazi yenyewe. Katika kijiji cha pwani kiitwacho Woods Hole, jimbo la Massachusetts, kulikuwa na maabara mashuhuri ya viumbe vya baharini. Kila kiangazi wataalamu wa Marekani walikusanyika huko. Mkuu wake alikuwa Frank Lillie, profesa wa Chuo Kikuu cha Chicago. Mwaka 1909 alimchukua Just kuwa msaidizi wake. Kwa karibu miaka ishirini iliyofuata, kijana huyu alifundisha Howard wakati wa masomo, na kiangazi kinapofika akafunga mizigo kwenda pwani.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuokota wanyama wenyewe. Mmoja wao ni mnyoo wa baharini aitwaye Nereis. Minyoo hii hupanda juu ya maji usiku kwa ajili ya kuzaana, hasa siku za giza la mwezi, na huifuata taa. Lillie na Just waliitafuta wakiwa na taa mkononi, wakatoa makala mwaka 1913 kuhusu tabia zake. Nyinyi mnaonunua dagaa wa Ziwa Tanganyika hamhitaji kuelezwa zaidi. Wavuvi wetu nao husubiri mwezi uzame ndipo wawashe taa, na samaki hupanda. Jambo la mvuvi na jambo la mtaalamu lilikuwa moja: kumjua mnyama anavyoishi kwake kabla ya kumtoa majini.

Mayai ya wanyama wa bahari ni hazina kwa mtafiti. Yanatoka kwa wingi, mengi yanapitisha mwanga, na yanatungishwa nje ya mwili, kwenye maji. Kwa hiyo ukiweka mayai na mbegu za kiume kwenye sahani ya kioo chini ya hadubini, unaona mwanzo wa uhai kwa macho yako.

Katika makala yake ya mwaka 1912, Just alionyesha kwamba mahali mbegu ya kiume inapoingilia kwenye yai la Nereis ndipo panapoamua mstari ambao yai litagawanyikia mara ya kwanza. Maana yake ni kwamba mahali popote pa ngozi ya yai panaweza kuwa mlango, na mlango ukishafunguka, mpangilio wa kinachofuata unaanzia pale.

Mwaka 1919 alitoa matokeo mengine, safari hii kuhusu mnyama bapa wa mchangani, wa mviringo kama sarafu kubwa, wa jamii moja na yule mnyama mwenye miiba ambaye watu wa pwani humwogopa kumkanyaga. Wataalamu walijua kwamba mbegu moja ikiingia kwenye yai, utando huinuka kulizunguka na mbegu nyingine haziingii. Ni jambo la lazima. Mbegu mbili zikiingia, mgawanyo wa seli unavurugika na kiumbe hakikui vizuri. Lakini utando ule huchukua muda kuinuka, na mbegu zilizozunguka yai ni nyingi. Ni nini kinachozizuia katika muda ule mfupi?

Just aliona kwamba mara mbegu ya kwanza inapogusa, badiliko fulani hutoka pale na kuenea juu ya yai lote kama wimbi, mpaka upande wa pili. Wimbi hilo hutangulia mbele ya utando. Kabla utando haujaonekana, yai limekwisha jifunga. Ngozi ya yai imefanya kazi yake: imempokea mmoja, imewakataa wengine, na imeyaamsha yote yaliyomo ndani.

Kutokana na majaribio mengi ya namna hii alifikia msimamo wake mkubwa. Ngozi ya seli haifanani na gunia linaloshika mchele usimwagike. Ni sehemu hai, inayosikia na kujibu, na bila hiyo kiini peke yake hakifanyi lolote.

Watu wa Woods Hole walimfahamu pia kwa mikono yake. Mayai haya ni dhaifu. Joto likizidi kidogo, chombo kikiwa na masalia ya dawa, maji yakianza kukauka, yai linaharibika na mtafiti anapata majibu ya uongo. Just alisisitiza kwamba huwezi kujua yai lililoharibika linafanya nini kama hulijui kwanza lililo zima. Wakubwa wenye majina walimwendea kumwuliza namna ya kushika mayai yao.

Ndivyo alivyogongana na Jacques Loeb wa taasisi ya Rockefeller, New York, mmoja wa wanasayansi mashuhuri kabisa wa wakati ule. Loeb alijulikana tangu mwaka 1899 kwa kuyafanya mayai yaanze kukua bila mbegu ya kiume, kwa kutumia maji ya chumvi. Baadaye alidai kwamba lazima pawe na hatua mbili tofauti ili yai liamke. Just alijaribu, akaona hatua moja inatosha, akaandika hivyo waziwazi. Kumpinga mkubwa kuna gharama hata kwa mtoto wa nyumba hiyo. Sembuse kwa mgeni aliyekaribishwa kwa shingo upande.

Medali bila kiti

Heshima hazikukosekana. Tarehe 12 Februari 1915 alikuwa mtu wa kwanza kabisa kupewa medali ya Spingarn, ambayo chama cha NAACP cha kutetea haki za weusi hutoa kila mwaka. Mwaka 1916 alipata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Chicago, wakati ambapo weusi wenye shahada hiyo katika sayansi walikuwa wachache mno.

Lakini hakuna chuo kikubwa cha utafiti kilichompa kazi. Hilo ndilo jiwe lililomkaa kifuani. Howard palikuwa nyumbani, tena aliwafundisha vijana weusi waliokuwa wanakwenda kuwa madaktari. Hata hivyo vipindi vilikuwa vingi, vifaa vichache na muda wa utafiti haba. Fedha za utafiti alizipata kutoka kwa wafadhili, hasa Julius Rosenwald, tajiri wa Chicago aliyesaidia sana elimu ya weusi. Fedha hizo zilikuja kwa muda na kwa masharti. Wafadhili na wakubwa wa vyuo walipenda abaki Howard awainue watu wake. Yeye alitaka kuwa mwanasayansi kama wenzake, basi.

Sitaki tuwahukumu haraka wale waliomwambia abaki. Watu wake walikuwa na haja ya walimu. Lakini mweupe mwenye kipaji kama chake hakuambiwa achague kati ya watu wake na kazi yake. Swali hilo aliulizwa mweusi tu.

Hata Woods Hole kulikuwa na watu waliomkwepa. Kwenye hadubini alikuwa mwalimu wao. Jioni, kwenye meza na maongezi, akawa mgeni.

Ugenini palipokuwa nyumbani

Mwezi Januari 1929 alikwenda Naples, Italia, kwenye kituo kikongwe cha viumbe vya baharini. Mwaka uliofuata alialikwa Berlin kwenye taasisi ya Kaiser Wilhelm ya baiolojia, Mmarekani wa kwanza kualikwa huko. Kuanzia mwaka 1929 hadi 1938 alisafiri kwenda Ulaya mara kumi au zaidi.

Huko alikaa meza moja na mabingwa. Waliokutana naye walitaka kujua mayai yake yamesema nini, na rangi ya ngozi yake ikawa jambo la pembeni. Alionja uhuru akiwa na umri wa miaka karibu 46, na mtu akionja kitu cha namna hiyo uzeeni, ni vigumu kumrudisha kwenye chakula cha zamani.

Kiangazi cha mwaka 1930 watu wa Woods Hole walikusanyika kusherehekea miaka 60 ya kuzaliwa kwa Lillie, na Just akaombwa kusema. Aliwaambia usoni kwamba udugu na msaada alioupata Berlin kwa muda mfupi ulizidi ule wa miaka yake yote hapo kwao. Hakurudi tena kufanya kazi Woods Hole. Lillie alikuwa amemfungulia mlango, na nadhani maneno yale yalimchoma. Lakini sioni uongo ndani yake.

Hapa pana jambo chungu ambalo siwezi kuliruka. Berlin hiyo iliyompa kiti, mwaka 1933 iliangukia mikononi mwa Hitler na chama chake, watu waliofanya rangi na damu kuwa sheria. Just akaacha kufanya kazi Ujerumani, akahamishia shughuli zake sehemu nyingine za Ulaya na mwisho Ufaransa, kati ya Paris na kituo cha bahari cha Roscoff huko Brittany. Aliyedhani amefika, akagundua amepumzika tu njiani.

Jingine ni la nyumbani kwake. Alipokuwa Berlin alimfahamu Hedwig Schnetzler, mwanafunzi wa falsafa, wakapendana. Ethel alikuwa Washington na watoto watatu. Ndoa ile ilivunjika mwaka 1939, na mwaka huo huo Just akamwoa Hedwig. Mwenye kutafuta ugenini mara nyingi huacha mtu nyuma anayelipa bei ambayo haikuwa yake. Sifa za kitaalamu hazifuti jambo hilo, na mimi sitazitumia kulifuta.

Vitabu, vita na kurudi

Mwaka 1939 vitabu vyake viwili vilitoka. Kimoja kilikuwa cha mbinu za kushughulikia mayai ya wanyama wa baharini. Cha pili, The Biology of the Cell Surface, kilikusanya mawazo yake yote kuhusu ngozi ya seli. Pamoja na hivyo alikuwa ameandika makala za kisayansi zaidi ya sabini.

Vita vilikuwa vimeanza. Mwaka 1940 majeshi ya Ujerumani yalipoingia Ufaransa, wageni walitakiwa kuondoka. Just alibaki amalizie kazi yake. Akakamatwa na kuwekwa kambini. Mtu aliyetumia maisha yake kuchunguza jinsi mpaka unavyoruhusu na kukataa, sasa alikuwa nyuma ya uzio kwa sababu ya karatasi na uraia.

Hakukaa sana. Ndugu wa Hedwig walihangaika, na wizara ya mambo ya nje ya Marekani ikaingilia kati. Akatolewa, na mwezi Septemba 1940 akarudi Marekani. Alikuwa mgonjwa hata kabla ya kukamatwa, na kambi pamoja na safari vilimzidishia. Alirudi Howard, kwenye idara ile ile aliyoikimbia. Ugonjwa ulikuwa saratani ya kongosho. Alifariki mjini Washington tarehe 27 Oktoba 1941, akiwa na miaka 58.

Sisi tuliorudi tunajua kwamba kurudi si kufika. Unarudi na mwili, lakini shamba lina mtu mwingine, rafiki wamekufa, na lugha yako ina lafudhi ya kwingine. Kwa Just hata muda wa kujaribu upya haukuwepo. Alipewa miezi kumi na mitatu tu.

Muda ulivyomhukumu

Mwaka 1942 Lillie aliandika taazia ya mwanafunzi wake katika jarida la Science. Alikiri kwamba uwezo wa Just ulibanwa na ubaguzi wa rangi, na kwamba Marekani haikumpa mahali palipomfaa. Ni ungamo zuri, ila lilifika baada ya mazishi, kama Ernest mwenyewe alivyofika kwa mama yake.

Je, alipatia katika yote? Hapana. Katika kuitetea ngozi ya seli alikipunguzia mno uzito kiini, akadhani urithi unatawaliwa zaidi na yaliyo nje ya kiini. Miaka mitatu baada ya kifo chake, mwaka 1944, majaribio ya New York yalionyesha kwamba DNA ndiyo hubeba urithi. Upande huo alishindwa.

Upande wake mwingine umesimama. Mwaka 1976 mtafiti Laurinda Jaffe alionyesha kwamba yai la yule mnyama wa miiba hubadilisha umeme wa ngozi yake mara tu mbegu inapoingia, na badiliko hilo huzuia nyingine. Baadaye wimbi la kalsiamu linaloenea ndani ya yai likathibitishwa. Leo elimu ya ngozi ya seli ni uwanja mkubwa. Dawa nyingi tunazomeza hufanya kazi kwa kushika vipokezi vilivyo kwenye ngozi hiyo, na virusi lazima vipate njia ya kuipita ndipo vituuguze. Pembeni pameonekana kuwa na mambo makubwa.

Jina lake nalo lilifufuka. Mwaka 1983, miaka mia moja baada ya kuzaliwa kwake, Kenneth Manning alitoa kitabu cha maisha yake, Black Apollo of Science. Mwaka 1996 posta ya Marekani ilitoa stempu yenye picha yake. Chama cha wataalamu wa seli cha nchi hiyo kina mhadhara unaoitwa kwa jina lake.

Ndugu msomaji, kuna vijana wetu waliorudi na vyeti vya upande wa pili, na wakaambiwa vyeti hivyo havieleweki. Wengine wamefungua meza za kuuza vitenge, na biashara ni kazi ya heshima. Lakini kati yao yumo mmoja, au kumi, ambaye mkono wake ungeshika hadubini vizuri. Kifo cha Just mapema kilitokana na ugonjwa. Lakini miaka yake mingi ya kuhangaika kutafuta pa kukaa ilitokana na watu, na watu wangeweza kuamua vingine.

Yai la bahari hufungua mlango kwa mbegu moja, na kwa kufanya hivyo huanza kuishi. Lisipompokea yeyote, linaoza pale pale majini.